Simu Haijawahi Kutudanganya

Lac Vert, 12 Januari

Mdogo wangu Achille,

Huku kambini bado tunahema, na siku hizi hizo ndizo salamu. Barua hii anakuletea Mama Julie wa kabichi, yule anayepanda boti kila wiki kwenda Bukavu. Usimcheleweshe bandarini kwa maswali yako. Nimerudi kwenye karatasi kwa sababu vizuizini wanapekua simu. Juzi, njia ya Sake, walimkuta kijana na ujumbe wa dada yake: "Wamefika wapi?" Dada alikuwa anauliza habari za wakwe waliokuwa njiani kuja arusini, wao wakadhani ni habari za wapiganaji. Wakamlaza chini, wakampiga kwa kitako cha bunduki mpaka sikio likatoa damu, na sasa ukimwongelesha upande ule hasikii.

Uliniuliza kama huu uchef, ukuu wa kambi, unanipendeza. Nitakuambia ukweli. Nilipokuwa naandika programu pamoja nawe, kosa lilikuwa langu, lilikaa palepale mpaka nilipate, na nikilipata lilikufa moja kwa moja. Sasa natatua ugomvi asubuhi, mchana umerudi umevaa nguo nyingine. Raha ile ya mashine kukubali, wewe peke yako na chai imepoa, naikosa sana. Lakini kuna raha nyingine ambayo hukunieleza, kwa sababu huijui. Wiki jana mama mmoja alishikwa na uchungu bomu likilia upande wa milima, na nilijua ni nani wa kumwamsha, nani ana moto, pikipiki, yenye mafuta, nani asiulizwe kabisa maana ataanza kulia. Mtoto yuko hai. Hakuna mashine iliyonipa hiyo.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Programu yetu inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Kila familia inaitwa kwa simu zamu yake ya maji ikifika, wanakuja na bidon zao, madumu yao, wanateka, wanakwenda. Lakini vita vinasogea. Jana risasi zilipita juu ya robine, bomba letu la kutekea, wakati watu wa Bloc C wamepanga foleni, na mimi chef wa kambi sina namna ya kuahirisha zamu hata moja. Nataka kifungo, Achille. Nikiona hatari, nitume neno kutoka simu yangu, na mashine iliyoko ofisini Keshero inyamaze.

Ni kazi ndogo kwako. Nifanyie.

Dada yako,
Fabiola Kanyere


Bukavu, 15 Januari

Yaya Fabiola, dada yangu mkubwa, au niseme Mheshimiwa Chef,

Mama Julie amenifikishia barua na kabichi moja ambayo sikuagiza. Amenilipisha.

Nimecheka nilipofika kwenye "kifungo". Miezi mitatu tu kwenye kiti na mkono umeshaanza kuwasha! Hebu kumbuka mwenyewe. Kabla ya programu yetu nani alikuwa anagawa zamu za maji? Munyakazi. Chef kama wewe, na kalamu mfukoni kama wewe. Aliyempa kitu aliteka asubuhi, asiyempa aliteka matope. Wewe na mimi tulikuwa pale siku vijana wake walipomkata yule mama wa Masisi kifundo cha mkono kwa panga kwa sababu alisogeza bidon yake mbele. Mkono uliokuwa umeshika bidon haukuachia. Uliangaliwa na watoto.

Usiku ule ni nani aliyesema, "Tutaandika kitu ambacho chef hatakuwa na mkono ndani yake"? Si mimi. Mimi nilitaka kuweka kifungo, ukanitukana hadi kwa Kinande. Ukasema siku chef atakapoweza kusimamisha zamu, siku hiyohiyo ataziuza. Na ulikuwa na haki. Tangu hapo panga halijarudi robineni, na watu wanaiamini simu kwa sababu wanajua hakuna mtu nyuma yake.

Nakuonea huruma kwa kazi yako, nasema kweli. Kutwa mikutano, vilio, wakubwa wa kuwapigia magoti. Mimi mashine yangu hainichukii na hainipendi, inanifanyia nilichoiambia. Hapa Bukavu wamenipa uchef wa ofisi nzima nikakataa palepale. Lakini huruma hainifanyi nivunje kitu kizuri tulichokijenga. Leo utasimamisha kwa ajili ya risasi, kesho kwa ajili ya mkubwa fulani anayetaka maji ya kuoshea gari.

Mambo yakizidi, Théogène si yuko palepale Keshero analinda ofisi? Mpigie, achomoe waya. Kazi imekwisha.

Usininunie.

Achille Bagalwa


Lac Vert, 19 Januari

Achille,

Sijakununia, nimekasirika, na hayo ni mambo mawili.

Théogène hayuko ofisini. Alhamisi wenye silaha walimsimamisha kati ya Ndosho na Keshero, wakadai kitambulisho, wakasoma jina lake, wakajua kabila lake, na jina likamponza. Walimpiga teke la mbavu mpaka akajikojolea, wakachukua moto yake, wakamwambia wakimwona tena njia ile watamwacha kwenye mfereji. Amelala kwa Daniella, muuguzi wetu, hawezi kugeuka. Ofisi imefungwa kwa kufuli, mashine iko ndani, inakula jua kwenye sahani zake za juu ya paa, na inaita watu kama kawaida. Kati yangu na ile waya kuna vizuizi vitatu vya watu walevi.

Na usiniambie nifunge maji. Nilifunga. Jumanne nilikwenda kwenye bomba kubwa nikakaza mwenyewe. Unajua walifanya nini? Walikuja wakasubiri. Simu imewaita, kwa hiyo maji yatatoka. Bloc A haikuondoka, Bloc B ikaitwa ikaja juu yake, robine moja ikawa na watu wa bloc mbili mahali pa wazi. Nilifungua haraka ili waondoke.

Napita hema kwa hema kuwaambia wasiende. Mama Mukamugema wa Bloc C, yule mjane mrefu mwenye kucheka, ambaye ndiye wa kwanza kuteka siku zote, aliniitikia kwa heshima yote. "Mama chef, tunakusikia. Lakini bachef tulishabaona. Telefone haiyatudanganyaka hata siku moja." Ni sisi tuliowafundisha hivyo. Tulitaka wasimwamini chef, na hawamwamini. Programu imefanikiwa, ndugu yangu, na chef ni mimi.

Ndiyo, ni mimi niliyekataa kifungo. Nilikikataa nikimwona Munyakazi mbele yangu. Sikuwa nimeona risasi zikipita juu ya watu waliopanga foleni. Mtu anaruhusiwa kujua leo kitu ambacho hakukijua jana.

Andika kifungo. Kiweke kwenye flashi, mpe Mama Julie. Nitapata njia ya kuifikisha Keshero hata kama ni mimi nitakayetambaa. Safari hii sikuombi kama chef, nakuomba kama mtu wa tumbo moja nawe. Naogopa, Achille. Ninaogopa kila asubuhi simu zikianza kulia.

Fabiola


Bukavu, 23 Januari

Yaya,

Naona umeninunia kweli, tangu ile ya kifungo hakuna neno. Mama Julie naye sijamwona bandarini wiki hii, kwa hiyo hii naiweka kwa nahodha wa boti ya mizigo, mtu wa Idjwi, mkali lakini mwaminifu.

Lazima nikupe furaha yangu hata kama hutaki. Intaneti imekatwa huko kwenu, sivyo? Lakini ripoti ya mashine bado inanifikia kila siku kwa ujumbe wa simu. Leo redio nzima inapiga kelele, Goma imezingirwa, mabomu, watu wanakimbia. Nikakaa na simu yangu nikisema basi, leo lazima mashine itaanguka. Ikaingia ripoti. Zamu zote zimetoka kwa wakati wake. Zote! Bloc C imeitwa, imepokea. Bloc D imeitwa, imepokea. Hata familia moja haikurukwa.

Niliruka chumbani kama mtoto. Jirani aligonga ukuta. Katikati ya vita, wakubwa wamekimbia, benki zimefungwa, hakuna anayemtii mwenzake, na kitu tulichoandika wewe na mimi kwenye ile meza inayotikisika bado kinamwambia kila mama kwa jina lake, njoo, zamu yako imefika. Huo ndio ujira wangu. Hakuna mkutano wowote duniani ungefanya hivyo leo.

Kifungo chako tutakizungumza vita vikiisha, tukiwa tumekaa, na wewe ukiwa umeshiba. Msalimie Théogène. Mwambie ile mashine ameitunza vizuri.

Wako anayecheka,
Achille


Lac Vert, 2 Februari

Achille,

Anayeshika kalamu ni Daniella. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimechoka tu.

Barua yako ya tarehe 23 imefika. Nilimwambia Daniella aisome hadi mwisho, akakataa kufika mwisho, nikachukua nikasoma mwenyewe.

Asubuhi ile ya tarehe 23 mabomu yalianza kabla jua halijatoka vizuri. Nilijua Bloc C wataitwa, nikatangulia robineni. Simu zikalia, nilizisikia hema moja baada ya nyingine, na wakaja. Mabomu yanalia na wao wanakuja, wameinama, wanashika watoto kwa shingo, kwa sababu ukikosa zamu unakaa na kiu hadi kesho, na hakuna aliyejua kesho itakuwaje. Nilisimama mbele ya robine. Nikapiga kelele warudi. Nikapiga bidon mateke. Mwanamume mmoja akasema, "Munyakazi ule! Iko anatuuzisha mayi!" Ndipo wakanishika. Walinivuta nywele, mtu akanipiga kiwiko mdomoni, nikaanguka kwenye matope nikiwa na jino mkononi. Watu hao nimewazikia, Achille. Nimewapigania unga. Walinipiga kama mwizi.

Mukamugema ndiye aliyewatoa juu yangu. Aliniinua, akanifuta damu kwa kitenge chake. "Mama chef, acha. Zamu yangu ilishafika. Nitateka na mbio." Akaweka bidon yake chini ya robine. Ya manjano, ina kiraka cha plastiki iliyochomwa.

Bomu lilianguka pale foleni ilipoanzia.

Sitakueleza yote. Nitakueleza kiasi unachopaswa kubeba. Mukamugema hakuwa na kitu kutoka kiunoni kwenda chini, na alikuwa bado anatazama bidon kama imejaa. Yule mwanamume aliyeniita Munyakazi tulimtambua kwa kiatu. Kulikuwa na mtoto ambaye mama yake alikuwa anamtikisa na kumkaripia aamke waende nyumbani. Maji yalikuwa yanatoka bado, robine haikuguswa, yalipita kati yao yote yakashuka yakiwa na rangi.

Halafu simu zikalia.

Zamu ya Bloc D. Zile hema za chini, nyuma ya jiwe kubwa la lava, walisikia mlipuko, lakini siku ile milipuko ilikuwa kila mahali. Simu iliwaita, wakaja. Walitokea wakikimbia na bidon zao, wakafika pale, wa mbele wakaona wakasimama, wa nyuma wakawasukuma, wakakanyaga. Nilikuwa chini nikiwaambia warudi na sauti haikutoka. Bomu la pili liliwapata hao.

Ripoti yako ni ya kweli. Bloc C imeitwa, imepokea. Bloc D imeitwa, imepokea.

Mashine bado inaita. Mji umeshikwa, wenye silaha wengine ndio wako vizuizini sasa, na kila asubuhi inaita. Wengine bado wanakwenda. Kando ya robine kuna bomu ambalo halikulipuka, nusu yake imezama ardhini, na watu wanaweka bidon pembeni yake.

Tuma kifungo.

Fabiola

Kaka Achille, hapa ni Daniella kwa neno langu mwenyewe, yeye amelala. Si uchovu. Mkono wake wa kuume uliumizwa na bomu, nimekata vidole vyote, kimebaki gumba, na nimekata bila dawa ya kutosha. Hakutaka ujue. Alisema, "Atadhani ninamwadhibu." Mimi nadhani unapaswa kujua.


Bukavu, 11 Februari

Yaya Fabiola,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja. Ile ya tarehe 19 ilikwama bandarini na Mama Julie boti zilipokatazwa. Aliiweka kifuani siku zote hizo, karatasi ina jasho lake. Nilianza na ya mwanzo nikiwa nimesimama. Ya pili niliisoma nimekaa sakafuni.

Niliruka chumbani. Niliandika hivyo, na umesoma hivyo. Sina namna ya kuivuta barua ile irudi. Wakati ule ninacheka, ulikuwa umelala kwenye matope unaita. Nasema samahani, na neno lenyewe linanitia aibu kwa udogo wake.

Kifungo nimekiandika. Unataka kujua kimechukua muda gani? Chai ilikuwa bado ya moto nilipomaliza. Mistari michache. Kwa ajili ya mistari hiyo michache nilikuandikia ukurasa mzima wa kukufundisha heshima ya kazi.

Flashi iko ndani ya mche wa sabuni, ule uliokwanguliwa pembe. Théogène aichomeke kwenye mashine, asubiri taa iwe ya kijani, basi. Baada ya hapo wewe ukituma neno SIMAMA kutoka simu yako, zamu zote zitanyamaza. Ukituma jina la familia moja, itanyamaza hiyo moja. Ni namba yako tu inayosikilizwa. Yangu sikuiweka. Nilijaribu kuiweka, nikaifuta.

Nilikuwa nasema mashine hainichukii wala hainipendi, na nilifikiri hilo ni jambo zuri. Sasa likiingia lile neno la ripoti kila siku, naweka simu kifudifudi. Hakuna kitu ndani ya mashine cha kuona kwamba mtu amekufa. Hatukukiweka.

Daniella amenieleza habari ya mkono. Sidhani unaniadhibu. Ningependa ungekuwa unaniadhibu.

Achille


Lac Vert, 20 Februari

Mdogo wangu Achille,

Utanisamehe mwandiko, ni mkono wa kushoto na bado unajifunza. Daniella alitaka kuniandikia, nikakataa, hii naitaka mwenyewe.

Sabuni imefika. Théogène alikwenda Keshero kwa miguu, mbavu zimefungwa kitambaa, akavunja kufuli lake mwenyewe kwa jiwe, maana ufunguo ulikwenda na moto yake. Taa ilikuwa ya kijani. Alirudi akakaa chini hapa kwangu, akaomba maji, akalia.

Kambi inavunjwa. Wakubwa wapya wamesema kila mtu arudi alikotoka, Kiwanja, Masisi, popote, na wanaochelewa wanachapwa viboko mbele ya hema zao. Watu wanakunja mahema. Ungefikiri basi kifungo hakina kazi tena. Kina kazi. Simu bado zinaita, na wengine wanasema watateka kwanza ndipo waende, na lile bomu bado liko pale. Juzi mzee mmoja aliligonga kwa bidon. Halikulipuka.

Jana jioni nilitoa simu. Kabla sijaandika neno, akaingia Nishimwe, binti wa Mukamugema, aliyeolewa Keshero na kurudi hapa baada ya msiba. Habari za kifungo alizipata kwa Théogène. Simu ya mama yake alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mama chef, ya mama usiizime. Zime za bengine."

Kila asubuhi, Achille, simu ile inaita. "Mukamugema, zamu yako ya maji imefika." Mwili hawakuupata mzima wa kuzika. Kaburi limekanyagwa na magari. Kitu pekee duniani ambacho bado kinamwita mama yake kwa jina, kana kwamba atajibu, ni programu yetu. Na unajua Nishimwe anafanya nini ikiita? Anachukua bidon, anakwenda robineni, anaweka bidon pale pale mama alipoweka, hatua mbili kutoka lile bomu. Kila siku. Watoto wake wawili wanamfuata.

Ningeweza kunyamazisha wengine nikaacha moja. Ulinipa namna. Ningeweza pia kutuma neno kimya kimya, na asubuhi nimwambie mashine imekufa, betri, jua, mambo ya waandishi wa programu. Angeniamini, kila mtu anaamini kwamba mashine hufa. Nilikaa na wazo hilo, na lilikuwa tamu, nakuambia ukweli. Miaka yote nilipokuwa mezani pamoja nawe tulikuwa tumejificha hapo, nyuma ya mashine.

Nilituma SIMAMA, yote.

Asubuhi nilikwenda kukaa mlangoni kwa Nishimwe. Alikuwa na simu magotini na bidon pembeni, amefunga kitenge cha mama yake. Saa yake ikafika, ikapita. Hema za jirani nazo kimya. Ilikuwa asubuhi ya kwanza tangu mwaka jana isiyolia. Aliinua macho.

"Nani alimunyamazisha mama?"

"Mimi."

Akanipiga kofi. Akanipiga tena, akanipiga kwa simu yenyewe hapa juu ya jicho, ngumi kifuani, akapiga hata ule mkono wenye kitambaa, na maumivu yakanifungua kinywa. Théogène na watu wakaja kumshika. Niliwakataza. Nikawaambia mtu asimguse. Alipiga mpaka nguvu zikamwisha, akaniangukia shingoni, na tukakaa hivyo kwenye vumbi la lava, damu yangu ikimchafua kitenge.

Mchana aliondoka na watoto kwenda kwa mume wake Keshero. Wote watatu, kwa miguu yao.

Usiniandikie tena kwamba unaona aibu. Andika programu nyingine, na ukiiandika, acha ndani yake mahali pa mtu wa kusema "mimi", wa kupigwa.

Ni mimi,
Fabiola